Nilisaini mkataba wa mwaka kwa ajili ya laini ya bure, mwezi wa tano wameiondoa kwa meseji. Hii imekaaje?

#1 Mzigo Mwepesi
Wakuu habari za humu.

Niende kwenye hoja. Miezi mitano iliyopita vijana wa mauzo wa mtandao fulani (siutaji, modereta wa humu nawajua) walisimamisha mwamvuli wao pale Kimara wakiuza intaneti ya nyumbani. Shilingi 70,000 kwa mwezi, mkataba wa miezi 12, rauta hulipii. Nikawauliza mbona wenzenu wanatoza 60,000 kwa kasi hiyohiyo? Kijana akatoa kipeperushi: ukijiunga unapata na "laini ya familia", dakika 300 za mitandao yote na GB 5 kila mwezi, BURE, "kwa muda wote wa mkataba". Kipeperushi ninacho mpaka leo, kiko juu ya friji.

Nikasaini. Laini nikampelekea mama Lushoto. Mama akawa anapigia ndugu wote, hadi wale tuliodhani walishatangulia mbele za haki.

Jana inaingia meseji: "Ndugu mteja, huduma ya Laini ya Familia imesitishwa kuanzia tarehe 1. Endelea kufurahia huduma zetu."

Nimepiga 100. Dada kaniambia, "Ile ilikuwa ofa tu kaka, na ofa ina mwisho." Nikamuuliza, na hii 70,000 nayo ina mwisho? Akasema nisubiri kidogo. Nimesubiri dakika 22, simu ikakata.

Wana haki ya kufanya hivi? Na kama hawana naanzia wapi? Nikivunja mkataba natakiwa kulipa rauta 180,000.

#2 Nyundo
Nakaa siti ya mbele na bisi zangu.

#3 Shamte wa Ilala
Umepigwa mkuu. Kitonga hakijawahi kumwacha mtu salama.

#4 Kisu Butu
"Vigezo na masharti kuzingatiwa." Ile sentensi redioni huwa wanaisoma kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Humo ndimo ilimokuwa laini ya mama yako.

#5 Bi Mkubwa Tandale
Shamte, kitonga kiko wapi hapo? Kasema wenzao ni 60,000 na yeye analipa 70,000. Hiyo elfu kumi ya juu ni ya nini kama si ya laini?

Mimi nauza mkaa. Nikimwambia mteja gunia kijana atakufikishia mpaka mlangoni bure, hiyo bure nimeshaitia kwenye bei, nani ananipa mimi kijana wa bure? Sasa kijana akilitua gunia katikati ya njia nimwambie mteja "usafiri ulikuwa ofa"? Si atanirudishia gunia kichwani.

Miezi 7 iliyobaki mara 10,000. Hiyo ni 70,000, mwezi mzima wa intaneti wanakula bila kunawa.

#6 Shamte wa Ilala
Bi Mkubwa shikamoo, nimerudi kwenye kiti.

#7 Mzigo Mwepesi
Aisee hiyo hesabu sikuwa nimeiona. Nilikuwa naumia kwa ajili ya mama, sasa naumia mara mbili.

#8 Fundi Minara
Niseme kitu kama mtu aliyewahi kuwa ndani. Nilifanya kazi kwenye kampuni moja ya simu, inaweza kuwa hiyo au isiwe hiyo.

Hizi ofa zina bajeti. Watu wa masoko wanakadiria watajiunga watu kadhaa, wanapewa fungu. Watu wakija wengi kuliko makadirio, fungu linaisha kabla ya mwaka, halafu mkubwa anauliza nani aliandika "muda wote wa mkataba". Hakuna anayejibu. Inaandikwa meseji.

Na kuna la pili. Laini za namna hiyo huwa zinaishia mikononi mwa watu wengine. Mtu anajiunga, laini anamuuzia wa pili elfu ishirini. Kampuni ikiona laini ya "familia" ya Kimara inapiga simu 90 kwa siku kutoka Tunduma, inajua imeliwa.

Na gharama: kila dakika ya kwenda mtandao mwingine kampuni yako inalipa kampuni ile. Dakika 300 za mitandao yote si mchezo.

#9 Mpakani
Tunduma tena? Mbona kila kibaya kinatokea Tunduma?

#10 Hesabu za Usiku
Fundi #8, hapo kwenye gharama umeteleza. Malipo ya mitandao kulipana yanapangwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na yameshuka sana. Mwaka 2018 ilikuwa shilingi 15.60 kwa dakika, wakaishusha mwaka hadi mwaka, mwaka 2022 ikafika shilingi 2.00. Dakika 300 mara shilingi 2 ni 600. Mama wa Lushoto akizimaliza zote kwa kupigia mitandao mingine, wanatoa shilingi mia sita kwa mwezi, na mwanawe anawapa elfu kumi ya ziada. Niambie fungu gani limeisha hapo.

#11 Fundi Minara
Hesabu, umesahau GB 5, umesahau kodi, umesahau kamisheni ya yule kijana wa mwamvuli. Ila sawa, kwenye dakika nilikuwa nasema kwa mazoea ya zamani.

#12 Tozo ni Tozo
Kodi ndiyo jibu lenyewe jamani. Chukua ushuru wa bidhaa kwenye mawasiliano 17%, juu yake VAT 18%. Huduma ya 1,000 inakuwa 1,170, ukiweka VAT inafika 1,380 na senti. Serikali inachukua chake hata kwenye cha bure, ndiyo maana kampuni zinaondoa vya bure.

#13 Hesabu za Usiku
Leta kifungu kinachosema hivyo.

#14 Tozo ni Tozo
Niko kwenye daladala, nikifika.

#15 Wakili Mtarajiwa
Mkuu Mzigo pole. Niko mwaka wa tatu sheria, kwa hiyo pokea haya kwa bei ya mwaka wa tatu.

Kwanza tenganisha ofa na ahadi iliyo ndani ya mkataba. Kampuni ikitangaza "wiki hii pata GB 1 bure", hiyo ni ofa, wanaweza kuimaliza Ijumaa. Lakini wewe uliambiwa: saini miezi 12, sisi tutatoa A na B. Ukasaini ukitegemea A na B, na unalipa. Hiyo ahadi imeshakuwa sehemu ya makubaliano. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haina mlango maalumu wa "bure". Inauliza kama mlikubaliana kwa hiari, kwa jambo halali, na kila upande ukaweka kitu mezani. Wewe umeweka 70,000 mara tano.

Kuna kesi kila mwanafunzi wa sheria anaijua, ya Carlill, Uingereza, 1892. Kampuni ilitangaza gazetini: ukitumia dawa yetu mara tatu kwa siku kwa wiki mbili na bado ukaugua mafua, tunakulipa paundi 100, na kuonyesha hatutanii tumeweka paundi 1,000 benki. Mama akatumia, akaugua, akadai. Kampuni ikasema lile lilikuwa tangazo tu, mbwembwe za biashara. Mahakama ikawaambia lipeni.

Dada wa 100 kakupa utetezi wa mwaka 1892, na ulishindwa mwaka huohuo.

#16 Nyundo
😂😂 Huyu mpeni uwakili leo.

#17 Jaji Mstaafu wa Vijiweni
Mtarajiwa, hukumu ya Uingereza haiifungi mahakama yetu. Usimtie kijana wa watu moyo wa bure.

#18 Wakili Mtarajiwa
Mzee shikamoo. Ni kweli kwa za miaka ya karibuni, huwa ni za kushawishi. Lakini sheria yetu ilipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na 1892 iko kabla ya hapo. Na Sura 345 yenyewe ina damu ya Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, tuliyokuwa tunaitumia Tanganyika mpaka tukatunga ya kwetu 1961.

#19 Jaji Mstaafu wa Vijiweni
Marahaba. Umenijibu vizuri ila bado hujashinda. Muulize kwanza mkataba aliousaini unasemaje, si kipeperushi. Kipeperushi hakina sahihi ya mtu.

#20 Kisu Butu
Mzee anauliza kama kuna Mtanzania aliyewahi kusoma mkataba wa laini. 😂

#21 Mzigo Mwepesi
Nimeutoa kabatini. Kurasa 9, Kiingereza kitupu, herufi za ukubwa wa chawa. Kipeperushi Kiswahili, mkataba Kiingereza, angalieni ujanja huo.

Ukurasa wa kwanza kuna kisanduku cha kifurushi, kijana kaandika kwa kalamu ya wino: "70,000 + L/Familia". Ukurasa wa 7 kuna kipengele kinasema kampuni inaweza kubadilisha au kusitisha "huduma za ziada" wakati wowote kwa taarifa.

Kwa hiyo nimekufa au niko hai?

#22 Jaji Mstaafu wa Vijiweni
Umekufa.

#23 Wakili Mtarajiwa
Uko hai. "L/Familia" imeandikwa kwenye kisanduku cha kifurushi, pamoja na bei, kwa mkono wa mtu wao. Haikuandikwa chini ya huduma za ziada. Maneno ya mkataba yakiwa na maana mbili, anayebanwa ni aliyeyaandika, na hayo hukuyaandika wewe.

Pia kuna Kanuni za Ulinzi wa Mlaji za 2018 chini ya EPOCA, sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010. Mtoa huduma anatakiwa akueleze bei na masharti waziwazi kabla hujajiunga. Kurasa 9 za chawa si waziwazi. Piga picha kila kitu: kipeperushi, kisanduku, meseji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, hata meseji za WhatsApp za yule kijana kama unazo.

#24 Mzigo Mwepesi
Ninazo. Nilimuuliza "kweli bure mwaka mzima?" akajibu "uhakika bro" na vidole gumba vitatu.

#25 Shamte wa Ilala
Vidole gumba vitatu mbele ya hakimu, nitakuja kuiona hiyo kesi hata kama ni Dodoma.

#26 Freelansa wa Zamani
Naomba niwatetee vijana wa mwamvuli kidogo, nimekuwa mmoja wao miaka miwili. Sisi wengi hatujaajiriwa na kampuni. Kuna kampuni ya katikati inatukusanya, inatupa fulana na kofia, unalipwa kwa kichwa. Asubuhi msimamizi anasema leo semeni hivi, mnasema. Hakuna anayekupa kurasa 9 usome. Mwezi ukiisha laini ya ofisi wanaichukua, mteja akikutafuta hakupati, anakuona wewe tapeli.

Inawezekana kabisa kampuni yenyewe iliipitisha ile ofa kwa miezi mitatu tu na msimamizi wa huku chini akaongeza "muda wote wa mkataba" ili auze.

#27 Bi Mkubwa Tandale
Na kipeperushi kilichopigwa chapa kwa rangi nne msimamizi alikipika jikoni kwake?

#28 Freelansa wa Zamani
Bi Mkubwa, Kariakoo wanakuchapia hata noti ukiwa na pesa. (Natania, modereta.)

#29 Mpakani
Turudi kwenye neno lenyewe. Huku Tunduma, kwa jirani zetu wa Zambia, ukinunua nyanya fungu muuzaji anakuongezea mbili, inaitwa mbasela. Mbasela si haki yako, ni roho yake. Leo kakupa, kesho hakupi, huendi polisi. Mimi naona ile laini ilikuwa mbasela.

#30 Bint Pemba
Mpakani, nyongeza ikishaingia kikapuni hairudishwi. Muuza samaki akikutilia vidagaa juu ya changu, ukishafika nyumbani akakufuata "nipe vidagaa vyangu", huyo hana adabu. Na huyu hakuambiwa nyongeza ya siku moja. Kaambiwa kila mwezi nakutilia, kwa sharti usinunue kwa mwengine mwaka mzima. Hilo sharti ndilo bei yake.

#31 Mpakani
Bint Pemba umenifunga na kamba ya mnazi.

#32 Mnairobi
Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu Katiba ya 2010 kifungu cha 46 kinataja kabisa haki za mtumiaji wa bidhaa na huduma, na tuna sheria ya kumlinda mtumiaji ya 2012. Kwenye karatasi tuko sawa sana. Mimi niliuziwa "bila kikomo", kikomo nikakipata tarehe 18 ya mwezi, kasi ikawa ya kobe. Nikaambiwa kuna matumizi ya haki. Nikauliza haki ya nani?

#33 Kisu Butu
Mnairobi karibu, Kiswahili chako leo kimenyooka, nani anakuandikia?

#34 Mnairobi
Mke wangu ni wa Tanga, lazima ninyooke.

#35 Mtu wa Houston
Hilo la "bila kikomo" hata huku Marekani lilifika kwa serikali. Tume yao ya biashara, FTC, iliishtaki AT&T Oktoba 2014 kwa kupunguza kasi ya wateja waliouziwa intaneti bila kikomo. Kampuni ikapigana miaka mitano. Novemba 2019 wakakubali kutoa dola milioni 60 zirudi kwa wateja. Ukigawa kwa wateja mamilioni, kila mmoja anapata hela ya burga. Kwa hiyo Mzigo, hata ukishinda usitarajie kujenga.

#36 Kaka wa Leicester
Uingereza ni hivi: kampuni ikibadilisha mkataba kwa namna inayokuumiza, lazima ikupe taarifa mwezi mmoja kabla, na wewe una ruhusa ya kuondoka bila faini. Kwa hiyo wanaogopa kumgusa mteja aliye ndani ya mkataba. Mfano kampuni ya simu ya EE, walipoamua 2021 kurudisha tozo ya kutumia simu Ulaya, paundi 2 kwa siku, waliwawekea waliojiunga au kubadilisha mkataba kuanzia Julai mwaka huo. Waliokuwemo tayari waliachwa mpaka wabadilishe mkataba wenyewe.

Hicho ndicho Mzigo anachopaswa kudai: wapya wasipewe, sisi tuliosaini mtuache tumalize.

#37 Mzigo Mwepesi
Kaka wa Leicester hiyo nimeipenda, naiiba kama ilivyo kwenye barua.

#38 Askari wa Mtandao
Samahani, hakuna aliyeuliza hili: laini ya mama imesajiliwa kwa kidole cha nani?

#39 Mzigo Mwepesi
...cha kwangu.

#40 Askari wa Mtandao
Basi kabla hujaenda TCRA na barua yako, bonyeza *106# uone laini ngapi ziko kwenye jina lako, halafu ujiulize ukifika kaunta utasema laini anatumia nani. Tulisajiliwa kwa alama za vidole ili kila mtu atumie ya kwake. Sitaki uende kulalamika urudi wewe ndiye mlalamikiwa.

#41 Nyundo
Bisi zimeniisha, naenda kuongeza.

#42 Wakili Mtarajiwa
Askari kauliza jambo la maana na mimi lilinipita. Mzigo, hiyo irekebishe leo, mama aisajili kwa NIDA yake. Lakini haiwapi wao ruhusa ya kuvunja ahadi. Na wao wenyewe waliiita laini ya FAMILIA. Walitegemea uitumie wewe na nani, paka?

#43 Fundi Minara
Ndiyo maana nilisema tangu #8. Laini za familia zinasajiliwa kidole kimoja, zinatumiwa na wengine. Inawezekana kabisa wanasheria wao waliona huo msala wakasema zima zote. Usajili umewatisha kuliko gharama.

#44 Hesabu za Usiku
Fundi hii ni sababu yako ya tatu. Bajeti, kuuzwa kwa laini, sasa usajili. Chagua moja ulale nayo.

#45 Fundi Minara
Kampuni kubwa haina sababu moja. Kila idara ina yake.

#46 Mzee wa Vifurushi
Mmesahau Aprili 2021? TCRA walitoa masharti ya vifurushi, mojawapo kifurushi kikishaidhinishwa kisibadilishwe mpaka ipite miezi mitatu. Tarehe 2 Aprili vikaanza vipya, bei juu, nchi nzima ikapiga kelele, siku hiyohiyo vikasimamishwa. Marehemu Dkt. Ndugulile ndiye alikuwa waziri. Kumbe kelele zinasaidia.

Sasa angalieni: ya Mzigo imekufa mwezi wa tano. Miezi mitatu imepita. Wanajua wanachofanya, wamesubiri dirisha lifunguke.

#47 Wakili Mtarajiwa
Mzee, lile sharti ni la mdhibiti na kampuni kuhusu kifurushi kinachouzwa kwa umma. Halifuti mkataba wa mtu wa miezi 12. Ila kwamba ndivyo walivyofikiri, nakubali, inaingia akilini.

#48 Dada Mteja
Nenda FCC, Tume ya Ushindani, achana na TCRA. FCC ndio wanaoshughulika na ulaghai kwa walaji.

#49 Kijana wa Simu 2000
FCC watamwelekeza TCRA, mimi walinielekeza. Nimepita njia hii mwaka juzi kwa jambo langu la vocha, sikilizeni.

Unaanza kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa MAANDISHI. Simu ya 100 haitoshi, na kama umepiga dai namba ya lalamiko. Wana siku 30. Wakikaa kimya au wakikujibu upuuzi, ndipo unakwenda TCRA na nakala zako. Makao makuu ni Mawasiliano Towers, barabara ya Sam Nujoma, ukishuka kituo cha Simu 2000 unafika kwa miguu. Mikoani kuna ofisi za kanda: Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma, na Zanzibar ipo. Usiporidhika na uamuzi wa TCRA kuna Baraza la Ushindani.

Ukienda TCRA bila kupita kwa kampuni, watakurudisha. Nilipoteza nauli mbili hivyo.

#50 Dada Mteja
Na lile Baraza la watumiaji, TCRA-CCC?

#51 Kijana wa Simu 2000
Lipo kwa ajili yetu, linasemea watumiaji na kushauri, na wana kamati mikoani. Walinisaidia kupanga barua. Lakini wao hawahukumu.

#52 Shamte wa Ilala
Iliishaje ya vocha?

#53 Kijana wa Simu 2000
Nilirudishiwa 5,000 yangu. Nauli, nakala na chai ya asubuhi vilinitoka 11,000. Lakini siku ile nilitembea kifua mbele kutoka Sam Nujoma mpaka Ubungo.

#54 Mjasiriamali Kimya
Ndiyo maana kampuni hazijali. Zinajua 70,000 yako haifikii nauli ya kuidai. Watu 10,000 wakinyamaza kwa hesabu hiyo, tayari ghorofa.

#55 Jaji Mstaafu wa Vijiweni
Ahadi ni deni, ila mdai ndiye anayechoka kwanza.

#56 Tozo ni Tozo
Nimefika nyumbani. Kifungu sijakipata, ila msimamo wangu haujabadilika.

#57 Hesabu za Usiku
😂😂😂

#58 Mzigo Mwepesi
MREJESHO. Jana nimekwenda dukani kwao na barua. Nilimtumia kijana wa mwamvuli picha ya kipeperushi, kumbe ameshahamia kuuza ving'amuzi, akanitakia kila la heri na kidole gumba kimoja.

Dukani dada wa kaunta alisoma barua yote, hadi sehemu ya Carlill. Akauliza, "Huyu Carlill ni mteja wetu?" Nikamwambia hapana, ni wa zamani kidogo. Akamwita meneja. Meneja mstaarabu, kanipa sababu mpya kabisa: ile laini ilitokana na makubaliano yao na mshirika wa biashara, mshirika kajitoa, wao mikono yao imefungwa. Nikauliza mshirika gani anatoa dakika zenu wenyewe? Akatabasamu, akanipa maji.

Halafu akasema kama kunipoza wananipa GB 20 mara moja. Nimekataa. Nimepewa namba ya lalamiko, barua imegongwa muhuri, nakala ninayo.

#59 Fundi Minara
Mshirika, sababu ya nne. Hiyo sikuijua mimi.

#60 Bi Mkubwa Tandale
Ungechukua GB 20 na barua ukaiacha palepale.

#61 Wakili Mtarajiwa
Bi Mkubwa hapana! Mara nyingi ukichukua unasainishwa karatasi kwamba mmemalizana. Kafanya vizuri.

#62 Bint Pemba
Na mama ajuaje? Ndiye mwenye msiba huyu.

#63 Mzigo Mwepesi
Mama hajaelewa mpaka leo. Anajua mimi nilikuwa nikimwekea dakika kila mwezi na sasa nimeacha. Juzi kamwambia dada yangu, "Kaka yako siku hizi mambo yamembana, tumwombee." Nimeshindwa kumweleza habari ya ofa, nimemwekea kifurushi kwa hela yangu. Kwa hiyo nalipa 70,000 zao, na juu yake nalipa ile laini ya bure.

#64 Kisu Butu
Duh. Hapo sicheki tena.

#65 Mpakani
Wangu nilimnunulia simu ya vitufe ya tochi, akaniambia ya jirani ina picha. Tuwaache wazee.

#66 Mnairobi
Mzigo, wengine mliosaini pamoja ni wangapi? Tafuta watano mwandike barua moja. Huku mtu mmoja ni kelele, watano ni kikundi.

#67 Mzigo Mwepesi
Mtaani kwangu tuko wanne. Mmoja hakuwahi kuifungua laini, ilikuwa bado ndani ya kadi. Mwingine alishaiuza. (Fundi, usiseme kitu.)

#68 Fundi Minara
Sijasema kitu.

#69 Dada Mteja
Mrejesho jamani, siku zinakwenda.

#70 Mzigo Mwepesi
Leo ni siku ya 19. Barua haijajibiwa. Ila leo asubuhi wamenipigia, moyo ukaruka, kumbe ni utafiti wa kuridhika kwa wateja. "Kuanzia 1 mpaka 10, ungependa kutupa ngapi?" Nikasema 1. Dada akauliza sababu, nikaanza kueleza toka Kimara mpaka Lushoto, akasema samahani kaka, sehemu ya sababu inachukua herufi 50 tu.

#71 Shamte wa Ilala
Ungewapa 0.

#72 Kisu Butu
0 haimo kwenye vigezo na masharti.

#73 Mzigo Mwepesi
Kisha ikaingia meseji ya kunishukuru. Mnajua ilivyomalizia.

#74 Nyundo
Endelea kufurahia huduma zetu.